Jiwe Ndani ya Bomba

Nilipoolewa Pongwe, miaka ile ya hamsini, watu waliniambia nina bahati: nyumba ya wakwe zangu ilikuwa na mfereji jikoni. Kwetu Ushongo maji tuliteka kisimani tukabeba kichwani. Hapa, marehemu baba mkwe alikuwa ameweka tangi juu ya mnara wa mawe, pampu ya mkono ya kuvuta maji kisimani, na bomba la chuma lililoshuka ndani ya ukuta mpaka jikoni na bafuni. Alipokufa, mkewe, mavyaa wangu, akalitunza bomba lile kama mtoto wa mwisho.

Bahati gani! Siku ya kwanza nilifungua mfereji, yakatoka maji membamba kama uzi. Kabla sufuria ya wali haijajaa, ungeweza kusuka nusu kichwa. Sabuni nayo haitoi povu, inafanya utando tu. Na birika! Kila Ijumaa mimi na mavyaa tulikaa uani tukikwangua ukoko mweupe ndani yake kwa kijiko. Ardhi ya Pongwe ni chokaa tupu, kila mtu alijua. Lakini birika tuliliona kila siku. Bomba lilikuwa ukutani, na hakuna aliyejiuliza linakwanguliwa na nani.

Miezi ikapita, uzi ukazidi kuwa mwembamba. Ndipo nikaanza kusikia maneno. "Maji yanapungua tangu aje huyu," mavyaa alimwambia jirani, tena kwa sauti ya kutosha nisikie. Siku zile bibi harusi akiingia nyumbani watu walitazama mguu wake. Ng'ombe akizaa, mguu wa heri. Sahani ikivunjika, ana nuksi. Mimi nuksi yangu ilikuwa ya maji. Niliumia, na nilikasirika, maana nyumba ile niliipenda na mume wangu nilimpenda.

Na nilijua mambo hayo huishia wapi. Kabla yangu mume wangu alikuwa na mke mwingine, binti wa Moa. Maji yalianza kupungua wakati wake. Aliambiwa aende kwao akapumzike kidogo, na talaka ikamfuata hukohuko.

Mavyaa akamwita maalim, akaandika kombe, aya zilizooshwa kwa maji kwenye sahani, tukalimimina tangini. Wapi! Mfereji ukawa unadondosha matone. Jioni moja akaniita, kwa upole kabisa: "Mwanangu, nenda kwenu ukapumzike kidogo."

Niliyajua maneno hayo. Lakini mdomo wangu haujawahi kuniangusha. "Sijachoka, mama," nikamwambia. Nikamgeukia mume wangu: "Kama nuksi yangu imo ndani ya bomba, mlete fundi alikate tuione wote. Sitoki hapa mpaka niione." Mume wangu, mtu wa kukwepa ugomvi, akamtazama mama yake.

"Haya, mleteni," mavyaa akasema. "Ana mdomo huyu!"

Fundi akaja kutoka mjini na msumeno wa chuma. Akabomoa plasta, akakata kipande cha bomba cha urefu wa mkono, akakiinua kwenye mwanga. Lo! Ndani mlikuwa na jiwe. Jeupe, gumu, tabaka juu ya tabaka, na katikati tundu lisilopitisha hata ncha ya penseli.

"Chokaa ya maji yenu hii," fundi akasema. "Imeanza kuganda tangu bomba lilipofungwa. Hii ya miaka na miaka."

Nilicheka, tena kwa kelele. Alhamdulillahi! Nilitamani nikipeleke kipande kile nyumba kwa nyumba, Pongwe nzima. Nikageuka nimwone mavyaa uso. Wala hakuwa akinitazama. Alikishika kwa mikono miwili, kidole kinapita juu ya zile tabaka, akasema taratibu: "Basi hata yule wa Moa."

Kicheko kikaniishia.

Kesho yake alivaa buibui, akakifunga kipande kile ndani ya kanga mpya, akapanda basi la Moa. Mwanawe alitaka kumsindikiza, akakataa. Alirudi siku ya pili, mikono mitupu. Bomba jipya lilikuwa limeshafungwa, maji yanamwagika kwa kishindo. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kunawa.

"Kasemaje, mama?"

"Kanipokea vizuri. Kanipikia. Ana mume, ana watoto." Alinawa polepole. "Nikamwonyesha, nikamwomba radhi. Akasema yeye hana neno na mimi. Ila wa kuonyeshwa ni baba yake, maana ndiye aliyeipokea talaka, na ndiye aliyeamini mwanawe ana nuksi."

"Ukampelekea?"

"Nilimpelekea." Akafunga mfereji. "Nimekiacha juu ya kaburi lake."