Mtama wa Verdiane kando ya maji ya chumvi

Mwaka wa 1949 Verdiane wa kijiji chetu cha Kingi alifiwa na mume. Shemeji yake Karangwa akampa shamba la bondeni, pale maji ya moto yenye chumvi yanapotoka chini ya mawe. Wakati wa kiangazi udongo wa pale ulifanya ukoko mweupe, na ng'ombe walikuja kuulamba. Karangwa alisema mbele ya ukoo kwamba mjane akikosa mavuno misimu miwili, bonde litakuwa la ng'ombe wake, Verdiane atarudi kwao, na binti yake Mukasine atabaki kwa ukoo.

Nazikumbuka siku zile kwa upendo, lakini sizisifu kwa kila jambo. Kumpa mjane shamba ambalo wewe mwenyewe hulitaki ni dhuluma, hata ukisali kila Jumapili.

Msimu wa kwanza alipanda mahindi, kama sisi sote majirani zake. Yaliota vizuri, kisha majani yakaanza kuungua kwenye ncha. Alidhani ni kiu. Kwa siku kumi aliyanywesha maji yaliyokuwa karibu, yaani yale yale ya chumvi, akayaua mahindi kabisa. Karangwa alipita akacheka.

"Mama Mukasine, maji ya moto umetia, chumvi umetia. Inabakia tu kufunika nyungu."

Verdiane alimpita akaenda mbele. Alikuwa ameona kitu kando ya njia, mahali wanawake walipotua vikapu vya mavuno. Mashina matatu ya mtama yalikuwa yamejiotea katikati ya ukoko ule, na majani yake yalikuwa mabichi. Yalipokomaa akakata masuke, akayatundika juu ya moto yakauke kwa mbegu.

Msimu wa pili tulipanda mvua ya kwanza, yeye akangoja. Kila asubuhi alionja udongo kwa ulimi. Mtama ukishakua huvumilia chumvi, lakini mche wake hufa upesi. Mvua ya tatu ilipoisukuma chumvi chini, ndipo akapanda, tena ubavuni mwa tuta, kwa sababu aliona ukoko hurudi kukaa kileleni. Watu walimwita mvivu.

Mtama ukatoka mfupi, masuke madogo, lakini ukajaza vikapu sita. Karangwa alikuja na wazee wawili kuangalia. Alizunguka shamba lote, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye, upande wa chini wa shamba lake, mahindi yalikuwa yameungua. Akaomba mbegu.

"Nitakupa," Verdiane alisema. "Lakini sema kwanza mbele ya hawa wazee. Hii shamba iko ya nani?"

Karangwa aliangalia ng'ombe wake.

"Iko yako, Mama Mukasine."

"Na mutoto?"

"Mutoto iko kwako."

Akampimia mbegu kwa mikono miwili iliyojaa, wala hakupunguza. Leo mtu aliyeonewa hivyo angetoa mbegu mbovu, na angejiona mwerevu.

Mukasine aliolewa mwaka wa 1958, akitokea nyumbani kwa mama yake. Tulikula ugali mwekundu wa bondeni na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, iliyopikwa kwa mawese, ambayo Verdiane aliyapata sokoni Kalembe kwa watu wa Walikale, kwa kubadilishana na unga wake. Tangu siku ile sijaonja tena ugali kama ule.