Vibandiko Thelathini na Moja Juu ya Nyumba ya Mama

Mama yangu mzazi alifunga mlango wa ukumbi, akazungusha ufunguo mara mbili, akautumbukiza kifuani ndani ya gauni lake.

"Hatoki mtu," akasema. "Hasa wewe."

Wewe ndiye mimi.

Watu arobaini wananitazama. Madirisha yana nondo. Simu inatetemeka mfukoni, kaka yangu anapiga mara ya kumi na moja. Mezani kuna mchoro na kalamu.

Jamani, mimi ni mhandisi wa umeme. Nimeshapanda nguzo kwenye mvua, nimeshafukuzwa na mbwa, shoti nimeshapigwa mara mbili. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mchana ule mbele ya mwanamke aliyenizaa.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana kosa ni langu wala sijifichi.

Mtaa niliokulia umeme wake ulikuwa wa kubahatisha. Mwenye saluni akiwasha mashine, taa za jirani zinafifia. Zahanati imelazimika kumwaga chanjo mara mbili baada ya friji kuzimika siku nzima. Basi ofisi ikaamua kujenga kituo cha kupozea umeme, yaani ile sehemu yenye transfoma kubwa ndani ya ukuta, umeme mkubwa unaingia upande huu, mdogo unatoka upande ule kwenda majumbani.

Kazi ya kukisanifu nikapewa mimi, kwa sharti moja: wakazi wenyewe wachague kiwanja.

Nilifurahi, nisidanganye. Kuwauliza watu maoni ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nimeshafanya hivyo mitaa kibao. Natundika ramani ukutani, kila kaya inapewa kibandiko kimoja chekundu, unabandika pale unapotaka kituo kikae. Mwisho tunahesabu mbele ya wote. Hakuna hotuba, hakuna kushikana mashati.

Shida ni kwamba viwanja vyenye ukubwa wa kutosha vilikuwa vitatu tu.

Cha kwanza ni uwanja wa mpira, nafasi pekee iliyobaki ya watoto kukimbia. Cha pili kimegusana na ukuta wa shule ya chekechea. Cha tatu kiko kwenye kona, barabara pana, lori la kuleta transfoma linaingia bila kukwaruza paa la mtu.

Cha tatu ni kwetu.

Nyumba ya vyumba saba aliyoijenga baba. Siku anakata roho alitushika mikono, mimi na kaka, akasema nyumba hii isiuzwe. Tukaapa. Tangu hapo mama anaishi humo peke yake, mwaka wa tisa huo. Sisi tunakuja likizo, tunapiga picha barazani, tunaondoka.

Nilipaswa kumwambia bosi wangu, "Mkuu, kiwanja hiki ni cha kwetu, kazi mpe mwingine." Sikusema. Nilikaa na kompyuta yangu, nikakipaka kiwanja cha tatu rangi ya kijivu, nikaandika juu yake: HAKIFAI, MAJI YAKO KARIBU.

Maana yake ukichimba kidogo tu unakutana na maji, msingi wa transfoma utazama. Uongo mtupu.

Nikamtumia kaka picha ya ramani. Akajibu, "Hapo umeonyesha wewe ni mtoto wa baba."

Nikalala usingizi mnono.

Siku ya kubandika ikafika. Ofisini walitaka mchoro uliosainiwa saa kumi jioni hiyo hiyo, la sivyo mradi unahamia mtaa mwingine. Nikawaacha watu wabandike, nikatoka nje kupokea simu ya bosi. Niliporudi, nikaanza kuhesabu.

Uwanja wa mpira, vibandiko sita. Kando ya chekechea, vitatu.

Juu ya ile kijivu, juu ya nyumba ya mama yangu, thelathini na moja.

Nikamtumia kaka picha, kisha nikacheka kile kicheko cha mtu aliyebanwa. "Ndugu zangu, jamani, hapo pana maji. Hamkuona maandishi?"

Nyuma kabisa akasimama mzee mmoja mfupi, mchimba visima, ambaye mtaa mzima unamwita Sururu.

"Samahani mhandisi. Maji gani?"

"Maji ya chini ya ardhi, mzee wangu."

"Mimi nilichimba kisima pale kwenu," akasema taratibu. "Siku ishirini na mbili. Nilivunja sururu tatu. Mama yako alikuwa ananiletea maji ya kunywa kutoka kwa jirani, kwa sababu pale hakuna hata tone. Pale ni jiwe, binti yangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa mujibu wa Sururu, isingepasuka.

Hebu fikiria! Uongo wote uliopo duniani, mimi nikachagua maji, kwenye kiwanja ambacho familia yangu yenyewe ilitafuta maji ikayakosa. Mwaka huo nilikuwa chuoni. Nilisikia tu kwamba kisima kimeshindikana, nikasahau.

Kinyozi wa pale kona akanyanyuka, mikono kiunoni. "Kwa hiyo ulituita tuchague, au ulituita tushuhudie?"

Nikafanya ujinga wa pili. Nikasema muda umekwisha, nitaandika uwanja wa mpira, nikabeba begi na kuelekea mlangoni huku watu wakizomea.

Hapo ndipo mama akanitangulia, akafunga.

"Mama, fungua," nikamnong'oneza kwa hasira. "Hujaelewa? Nakuokoa wewe! Hawa watu wameichagua nyumba yako, itavunjwa!"

"Nimeelewa vizuri," akasema, tena kwa sauti ya kusikika. "Mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango kuwaomba."

Nilihisi kama nimepigwa shoti ya tatu.

"Huyu kinyozi alikataa kabisa, akasema ataonekana amenifukuza," mama akaendelea. "Nikakaa kwenye kiti chake cha kunyolea asubuhi nzima mpaka akakubali."

Kinyozi akainamisha kichwa.

Simu ikatetemeka tena. Mama akanyoosha mkono. "Lete." Akaipokea, akaiweka sauti kubwa.

"Umetoka humo?" kaka akafoka. "Sikiliza nikwambie, ukisaini hiyo karatasi huna kaka!"

"Na mama anaye?" mama akauliza.

Sauti ya kaka ikawa ndogo ghafla, "Mama? Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo hapo usikilize, na wewe mwenzake sikiliza. Mara tatu nimewaambia nataka kuhama nikakae na mdogo wangu. Mara ya kwanza mkasema ni upweke tu, mkaniletea televisheni. Mara ya pili mkaipaka nyumba rangi. Mara ya tatu, wewe kaka mtu ukaniambia kwenye hati kuna jina lako, na husaini ng'o. Vyumba saba, na goti langu hili! Nalala kimoja. Sita nafagia ili mkija mpige picha."

"Mama, lakini baba alisema..."

"Baba yenu alisema nyumba isiuzwe. Alisema lini mnifungie humo?"

Akaiweka simu mezani bila kuikata.

Mama akanigeukia. "Na wewe, kikao cha kwanza ulisimama hapa hapa ukatuambia mradi wa umma ukipitishwa na wakazi, mwenye nyumba anatafutiwa makazi mengine, saini za warithi hazingojwi. Nikasema Mungu mkubwa, nimepata pa kutokea."

"Si ungeniambia mimi, mama?"

"Nikwambie nini? Kabla sijafungua mdomo ulishaipaka kijivu."

Machozi yakanitoka mbele za watu, mhandisi mzima. Joto, nondo, macho ya watu arobaini. "Fungua mlango kwanza, tafadhali. Sipumui humu."

"Umefungiwa nusu saa unalia," mama akasema. "Mimi mwaka wa tisa."

Hakuna aliyecheka.

Nikarudi mezani. Nikakata neno HAKIFAI, nikaandika chini yake: Kiwanja hiki ni cha familia yangu, na habari ya maji niliitunga mimi. Nikasaini. Wakazi wakasaini mmoja mmoja, Sururu akapiga dole gumba. Mama akasaini wa mwisho, ndipo akatoa ufunguo.

Ofisini nilisimamishwa miezi mitatu, na nilistahili. Mwenzangu aliyeshika kazi akawauliza watu tena: wakataka ukuta usogezwe ndani hatua tano watoto wapate njia, na transfoma zinazonguruma zielekee barabarani, si kwenye vyumba vya kulala. Vyote vikaingia kwenye mchoro. Kaka hadi leo haongei na mimi. Inauma, sisemi haiumi.

Mama anaishi na mama mdogo, vyumba viwili, kelele tupu, wanagombania redio kutwa. Juzi nilikwenda kuwaona. Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele mapema, miaka yote ile.

"Nilikuwa nasema," akanijibu. "Nilikuwa nasubiri mtu aniulize."

Mimi, ambaye mshahara wangu ni kuuliza watu wanataka nini!

Wewe unayesoma hapa, una mzazi umemweka mahali kwa faida yake mwenyewe? Umemuuliza? Sijasema umwambie. Muulize. Na akikupa jibu usilolitaka, hilo ndilo jibu.