Kisiwa Kilichonikimbia

"Kisiwa kikikukimbia, bibie, utafanyaje?"

Babu aliniuliza hivyo asubuhi ya siku niliyovuka ziwa peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilishaanza kushuku kila nilichoambiwa na watu wazima: kwamba ukipiga mluzi usiku unaita nyoka, kwamba hesabu zitanifaa maishani. Swali la Babu nililitupa kwenye fungu hilo hilo. Visiwa havikimbii.

Enzi zetu (msinicheke, sijafika hata thelathini na tayari naongea kama mstaafu) likizo ilikuwa ya kupelekwa kwa mababu kama kifurushi. Wenzangu wa mtaani kwetu Kansanga, mjini, walikwenda vijijini kupalilia mihogo. Mimi nilipandishwa boti ya mizigo pale bandarini Ggaba, nikakalishwa juu ya magunia ya sukari na katoni za sabuni zilizonunuliwa soko la jumla la Kikuubo, hadi kisiwani ambako Babu alikuwa na duka. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo mtaani ilihesabiwa kuwa ya askari, kwa hiyo majirani waliamini baba yangu ni mwanajeshi aliyejificha. Kumbe tulikuwa wauza sabuni tu, tangu babu wa Babu alipotoka pwani na shanga zake akasahau kurudi.

Duka la Babu lilinuka mafuta ya taa, udi, na dagaa waliokuwa wakikauka mchangani nje ya mlango. Alikuwa na mtumbwi wenye tanga lililoshonwa kwa magunia ya sukari. Likijaa upepo, maandishi ya "kilo hamsini" yalisomeka ziwa zima kama tangazo la biashara. Likizo mbili alinifundisha kuuendesha. Wavuvi hawakupenda. Walisema mwanamke akiingia mtumbwini samaki hukimbia. Niliwauliza samaki wanajuaje, wakaniambia nina mdomo.

Siku moja Shangazi akatuma ujumbe kutoka Kansanga: msichana wa umri wangu hawezi kulelewa na wavuvi. Nirudi mara moja, niende tuisheni ya hesabu, na jioni nimwoshee vyombo. Babu alitafakari siku nzima, kisha akaweka sharti. Nivuke peke yangu hadi kisiwa cha jirani, nimletee mandazi ya Mama Zubeda, mjane aliyekuwa akiyakaanga karibu na msikiti wa huko. Nikirudi nayo, nabaki mpaka shule zifunguliwe. Ikibidi watu waje kunitafuta, kesho yake napanda boti ya Ggaba.

Wakati nasukuma mtumbwi, mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alimuuliza Babu, "Mzee, umechoka na mtumbwi au umechoka na mtoto?"

"Vyote viwili," Babu akasema. Ndipo akaniuliza lile swali lake.

Maelekezo yalikuwa rahisi. Nielekee kwenye ile rasi ya kijani, chini ya kilima. Niliiona vizuri sana: mafunjo marefu, ndege weupe juu yake. Upepo ulikuwa nyuma yangu, tanga limetuna, nikaanza kuimba kaswida kwa sauti ambayo maalim wangu asingeiruhusu. Nilikwenda, nikaenda. Rasi ikabaki pale pale. Nikavuta kamba, nikailegeza, nikautukana mtumbwi. Rasi haikusogea karibu hata kidogo.

Kisha nikaona jambo ambalo sijalisahau. Ile rasi haikuwa tena chini ya kilima. Kilima kilikuwa kimebaki kando, mbali, na rasi inaendelea na safari zake. Ama kilima kilikuwa kinatembea, ama rasi.

Lilikuwa pande la mafunjo. Dhoruba ilikuwa imelikata ufukweni na mizizi yake yote, likawa linaelea, kubwa kama uwanja wa mpira, limebeba ndege wake kama abiria, linasukumwa na upepo ule ule uliokuwa unanisukuma mimi. Asubuhi nzima nilikuwa nafukuzana na kichaka. Na mbele ya kichaka hakukuwa na kitu, maji tu mpaka Tanzania.

Hapo ndipo nilipoanza kulia. Mimi niliyekuwa nimemuuliza maalim wiki iliyopita kwa nini Mungu anahitaji kusifiwa, nilisoma Ayatul Kursiyu mara nyingi mfululizo bila swali hata moja. Nilipomaliza kulia nikaangalia tena kile kilima. Chini yake palikuwa na uzi wa moshi. Nikajiambia, kichaka hakipiki. Nikageuza tanga, upepo ukanipiga ubavuni, maji yakaingia, nikawa nashika kasia kwa mkono mmoja na kwa mwingine nachota maji kwa kopo la rangi.

Mama Zubeda alikuwa amesimama ufukweni, mikono kiunoni. "Mwanangu, tumekuangalia tangu asubuhi. Ulikuwa unahama nchi?" Mandazi yalikuwa yameisha. Akanifungia kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo, nikarudi navyo huku nimekata tamaa.

Babu alikuwa ameketi mchangani mbele ya chai iliyopoa. Akafungua kile kifurushi. "Haya si mandazi," akasema. Nikaanza kuvisikia vyombo vya Shangazi vikigongana. Akala kimoja, akala cha pili.

"Kilikukimbia?"

"Kilinikimbia, Babu."

"Ukafanyaje?"

"Nikakiacha kiende."

Alicheka mpaka akakohoa. Jioni ile akamtumia Shangazi ujumbe kwamba mtoto ana kazi nyingi, asisubiriwe.

Siku hizi boti za injini zinatoka Ggaba zikinguruma, na vijana wamevaa makoti ya kuokolea, wanajipiga picha. Makoti hayo ni akili. Sisi tulikuwa wajinga, tusiuite ujinga wetu ushujaa. Mpwa wangu huangalia simu, anaona kidoti cha buluu, anajua alipo. Hajawahi kukosea kisiwa. Namwonea wivu kidogo, na kidogo namhurumia.

Babu alipofariki, wazee walirudia katika arobaini yake hadithi niliyokua nayo: jinsi alivyokichagua kisiwa chetu kwa jicho la mfanyabiashara, akapima upepo, akahesabu mitumbwi, akasema hapa patakuwa na soko. Nilikuwa jikoni na Shangazi, tunamenya matoke. Aliposikia hivyo akaweka kisu chini, akacheka kimya kimya mpaka machozi.

Kisha akaninong'oneza ukweli: siku ile Babu alikuwa anakwenda kisiwa cha kina Mama Zubeda. Alifuata kichaka kutwa nzima, tanga likachanika, akashuka kisiwani kwetu amelowa, na sabuni zote zimeyeyuka.