Mchaichai wa Selina

Odeta wa Kiseke hana cheo chochote kanisani, ila mgonjwa akigoma kula, jumuiya yetu humtuma yeye. Anapika uji wa ulezi, na maji yake huyachemsha kwanza na mchaichai. Vipimo anavijua kwa mkono: majani mabichi konzi nzima, makavu vijiko viwili vya chai, yaliyosagwa kijiko kimoja tu, maana unga ni mkali.

Mwezi wa kumi aliitwa kwa mzee Chenge. Mzee alikuwa amemzika mkewe, Selina, na tangu siku hiyo, sasa siku ya nne, hajatia kitu mdomoni. Binti yake Dorcas alikuwa amechoka kabisa.

"Mama, mimi kanitemea uji mpaka kwenye kitenge. Ukishindwa na wewe, tumwite tu padre na mafuta yake."

"Padre mwache apumzike. Niletee ulezi."

Uani, shina la mchaichai la Selina lilikuwa limekauka lote mpaka chini, na jana yake tu mvua ilinyesha. Jikoni kulikuwa na kopo la unga wa mchaichai, marehemu aliukausha na kuusaga mwenyewe. Odeta akatia kijiko kimoja. Dorcas akaenda zahanati kufuata dawa.

Odeta alipoingia na bakuli, mzee aligeuka kabla hajaonja.

"Selina, leo umetumia unga."

"Shikamoo baba. Ni mimi, Odeta."

"Marahaba. Wewe nimekuona. Nasema na huyo aliye mlangoni." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. "Anasema nikimaliza bakuli hili, tuondoke wote."

Odeta hakugeuka. Aliniambia mwenyewe kwamba shingo ilikataa. Akalichukua bakuli, akalirudisha jikoni, akakimbia kwake kwenye lile jua la saa saba, Salamu Maria mdomoni, akakata mchaichai nyuma ya bafu lake.

Aliporudi, Dorcas alikuwa bado hajarudi. Bakuli na sufuria vilikuwa vimeoshwa, vimefudikizwa juu ya kichanja, vinachuruzika maji. Na mzee hakuweza hata kuketi bila kushikwa.

Odeta akapika upya. Kopo hakuligusa tena. Akatia konzi nzima ya mabichi.

Mzee akanusa. "Huu si wake."

"Ni wangu, baba."

"Mwenzangu amenuna."

"Anune. Wewe kula."

Akameza kijiko kimoja. Cha pili hakukipokea. Alitazama mlangoni muda mrefu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kusema. Odeta akakishika kijiko hewani.

"Haya, mama Dorcas," mzee akasema polepole. "Wewe tangulia."

Pazia likatikisika, na nje hapakuwa na upepo. Kisha mzee akafungua mdomo.