Mbegu za Machi Zilizomchafulia Jina Bi Mwatum

Saa nane mchana, wakati maduka ya Wete yamefungwa na watu wamejilaza, Bi Mwatum binti Shaame amepiga magoti uani kwake, mkono wake wa kulia umezama udongoni. Midomo yake inacheza. Anasoma Kul-huwallahu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha anautoa mkono, anaukung'uta na kusema neno moja: "Rihani."

Anahamia tuta la pili, lililo chini ya kibanda cha makuti. Anauzika mkono tena, na tena anasoma mara tatu. Safari hii anachelewa kuutoa, kama mtu aliyeshika maji ya mtungi.

"Hili la kotmiri," anasema. "Na lile la nyuso za paka."

Nyuso za paka ni jina alilolitunga yeye. Ni maua mafupi ya Kizungu, ya zambarau na manjano, yenye alama nyeusi katikati mfano wa uso wa paka aliyekasirika. Kotmiri ni ile ya Kizungu, yenye majani ya kujikunja. Zote mbili hazitaki udongo wa moto. Rihani haitaki wa baridi. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja ameyajua hayo kwa mkono wake, na kwa kuyajua amefukuzwa kazi na kuitwa mwizi.

Alizaliwa Wingwi, akaletwa Wete akiwa bibi harusi. Mumewe, marehemu Mjaka, alikuwa mkuu wa vitalu katika bustani moja ya miche nje kidogo ya mji. Kwa miaka ishirini ufunguo wa sanduku la mbegu ulining'inia shingoni mwake. Bi Mwatum aliingia bustanini kumsaidia kumwagilia, akaandikwa kazi mwaka 1946, na Mjaka alipofariki miaka sita iliyopita ufunguo ukahamia kwake. Mshahara wake ulikuwa shilingi tatu kwa siku, na siku ya mvua kubwa hakuna kazi wala shilingi.

Kusoma huku mkono umo udongoni alifundishwa na mumewe. Unalaza upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kina cha pingili moja ya kidole, pale pale mbegu itakapolala. Udongo ukibaki baridi mpaka mwisho wa mara ya tatu, unapanda mbegu za baridi. Ukiwa vuguvugu, unapanda rihani. Ukiuchoma mkono kabla hujafika mara ya pili, unafunika tuta kwa gunia bichi na kwenda zako.

"Jicho hudanganyika," anasema Bi Mwatum. "Udongo mweusi uliolowa utauona baridi, kumbe ndani unatokota. Lakini mkono hapa ulipo mwembamba, hauongopi."

Mjaka hakuishia kwenye mkono. Aliacha kitabu, daftari nene lenye jalada la kitambaa, na mkewe akaliendeleza. Limeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu walizojifunza katika chuo cha Kurani. Kila mbegu ina ukurasa wake: ilipandwa mwongo gani, udongo ulikuwaje, ikatoka baada ya siku ngapi. Wakulima wa Pemba huuhesabu mwaka wa kilimo kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, kwa siku kumi kumi, na kila kumi moja huitwa mwongo. Daftari lile lina miongo ya miaka ishirini na sita.

Ndani yake imeandikwa, tena mara tano, kwamba kotmiri iliyopandwa mwongo wa ishirini na mbili haioti. Mwongo huo huangukia Machi, wakati jua la Pemba liko kali kuliko miezi yote na mvua za masika bado.

Mwezi Februari mwaka huu wa 1960 bustani ilipata shehena ya mbegu kutoka ng'ambo. Zilikuwa pakiti arobaini, zenye picha nzuri, kwa ajili ya maonyesho ya kilimo ya mwezi wa Juni. Msimamizi wa bustani, Bwana Msellem, kijana aliyesomea kilimo huko bara, alizipanga mezani na kusoma maandishi ya nyuma. Pakiti zilisema mbegu zipandwe Machi.

Bi Mwatum alimwambia kwa adabu kwamba Machi ya huko si Machi ya hapa. Huko walikotoka mbegu hizo, Machi ndiyo kwanza baridi inaachia. Hapa ndiyo jua limeshika. Aliomba wangoje mwongo wa thelathini na mbili, ulio katikati ya Juni, kipupwe kikishaingia, hata kama maonyesho yatapita. Alimletea na daftari.

Wafanyakazi waliokuwapo wanakumbuka jinsi msimamizi alivyolipindua daftari huku na huku, akatabasamu, akalirudisha bila kuusoma mstari mmoja. Alisema ofisi haisomi herufi hizo.

"Kotmiri haijui Nairuzi, Bi Mwatum," alisema mbele yao. "Inajua kilichoandikwa kwenye pakiti."

"Basi na iote kwenye pakiti, bwana," alijibu mama.

Watu walicheka, na huenda kicheko hicho ndicho kilichomponza. Tarehe kumi na mbili Machi aliamriwa azipande zote, juani, katika matuta sita ya mbele yanayoonekana kutoka barabarani. Alizipanda. Alipanda kwa mkono ule ule ambao udongo ulikuwa umeuchoma kabla hajafika mara ya pili, mbegu kwa mbegu, akafunika kwa mchanga laini, akamwagilia asubuhi na jioni kwa siku ishirini na nne.

Haikutoka hata moja. Tuta la saba peke yake, alilokuwa amepanda rihani yake mwenyewe pembeni, lilijaa kijani siku ya tano.

Sasa msomaji atafikiri kwamba mtu aliyeonywa mbele ya watu, kisha yakatokea yale yale aliyoonywa, angalau angenyamaza. Bwana Msellem hakunyamaza. Alifukua matuta kwa kijiti, asione mbegu, kwani mbegu zile ni ndogo kama chembe za chai, na zisizooza hubebwa na sisimizi. Akaandika barua. Barua ilisema mbegu hazikupandwa bali ziliuzwa mjini, na kwamba mshika ufunguo ndiye mhusika, na kwa hiyo ameachishwa kazi.

Bi Mwatum alisomewa barua hiyo asubuhi moja, kwenye baraza la bustani, wafanyakazi kumi na wanane wakiwa wamesimama. Alipojaribu kusema, msimamizi akaongeza jambo ambalo halikuwamo katika barua. Alisema huenda sanduku lile lilikuwa likivuja tangu enzi za marehemu.

Bi Mwatum anaposimulia mengine yote hushughulika na udongo, hung'oa magugu, huvunja madongoa. Akifika hapa mikono yake husimama.

"Miye angeniita mwizi nikaenda zangu," anasema. "Mungu yupo. Lakini Mjaka yuko chini ya ardhi. Hana mdomo. Miaka ishirini hakuleta nyumbani hata punje ya bizari isiyokuwa yake. Nani atamsemea?"

Kulikuwa na mtu aliyeweza kusema. Ngwali, mchimba matuta, alifanya kazi hatua tatu kutoka kwake siku nzima ile ya kupanda. Ndiye aliyemletea mchanga. Alipoulizwa wiki iliyopita kwa nini hakutoa ushahidi, alichomeka jembe lake ardhini.

"Nina watoto sita," alisema. "Ningesema, tungeondoka wawili. Lakini niandike. Nimemwona akizipanda kwa macho yangu, na kila siku tangu hapo nikipita kwake nazunguka njia ya nyuma."

Mwanamke mwingine angelia akanyamaza. Huyu alitaka kuthibitisha, na hapo akakutana na mtego mwingine. Ili kuonyesha kwamba mbegu zile huota zikipandwa wakati wake, alihitaji mbegu zile zile. Pakiti zilizobaki na punje mbili tatu zilikuwa zimetupwa jaani nyuma ya bustani. Jirani mmoja alimwambia akaziokote tu, nani atamwona. Alimjibu kwamba akikutwa na pakiti moja mkononi, barua ya msimamizi itakuwa imesema kweli.

Aliyemtoa mtegoni ni Bi Umkulthum, mwalimu wa ushoni, ambaye kwa miaka mingi amechuma rihani kwake za vikuba, vile vishada vya kunukia vya harusi. Aliagiza kwa posta pakiti mbili mpya, za kotmiri na za maua yale, kwa jina lake mwenyewe, na akaiweka risiti.

Zilifika mwanzoni mwa Juni. Bi Mwatum alijenga kibanda cha makuti, akachanganya udongo na samadi kuukuu ya ng'ombe na mchanga wa mtoni, akaufunika gunia bichi siku tatu upoe. Mwongo wa thelathini na mbili ulipoingia alialika watu wanne washuhudie, akazipanda mbele yao baada ya sala ya alasiri.

Karani wa bustani, Silima, alikuja na kipimajoto cha ofisi. Alikuja kwa siri mara ya kwanza; mara ya pili na ya tatu alitumwa na msimamizi. Namba alizochukua ni hizi. Tuta la kibandani lilikuwa na digrii sabini na sita za Farenhaiti. Tuta la rihani, juani, themanini na tano. Silima alikumbuka pia namba aliyoiandika mwezi Machi katika matuta sita ya mbele, ambayo hakuna aliyemwuliza: digrii mia moja na sita.

"Nilishangaa," anasema karani huyo. "Kila aliposema baridi, vuguvugu au moto, nilitazama kile kioo na kukuta amepatia. Nikamwambia, Mama, wewe na hiki kipimajoto mmezaliwa tumbo moja. Akaniambia, hicho mdogo wangu, tena hakijui kusoma Kul-huwallahu."

Nyuso za paka zilichomoza siku ya kumi na moja. Kotmiri, ambayo ni mvivu, ilitoka siku ya kumi na tisa. Leo mwezi Agosti tuta zima limesimama, na maua ya kwanza yamefunguka, yanatazama kwa hasira.

Bwana Msellem alikuja kuyaona. Alisimama mlangoni mwa ua, hakukaribia kiti alichowekewa, akapima kimo cha mche mmoja kwa rula na kuondoka. Wiki mbili baadaye likabandikwa tangazo sokoni Wete, na lingine kwenye duka moja Mtambile. Linawashauri wakulima wapande mbegu za maua na viungo vya baridi Juni na Julai, chini ya kivuli, na udongo usizidi digrii themanini. Linaeleza gunia bichi la siku tatu. Linaeleza hata mchanga wa mtoni. Chini yake lina sahihi ya msimamizi, na linasema ni matokeo ya uchunguzi wa bustani.

Jina la Mwatum binti Shaame halimo. Jina la Mjaka halimo. Herufi ambazo ofisi haikuweza kuzisoma, imeweza kuzifaidi. Aliyeitwa mwizi ndiye aliyeibiwa, na aliyemwita hivyo bado anakaa kwenye meza yake.

Bwana Msellem alipoulizwa alisema kwamba suala la mbegu za Machi limefungwa, kwamba bustani haina kinyongo na mama huyo, na kwamba iko tayari kumrudisha kama kibarua wa kumwagilia. Kuhusu barua, alisema barua iliyokwishaingia kwenye faili haitolewi. Hakutaka kuulizwa zaidi.

Habari ya kurudishwa ililetwa kwa Bi Mwatum na Silima, kama mtu anayeleta habari njema. Ndugu zake wanamsihi akubali. Tangu Aprili anaishi kwa kuuza rihani na shibiti, ile ya kutuliza matumbo ya watoto wachanga, na wiki nyingine haziuziki. Kakake, Mzee Soud, amemwambia mara kadhaa kwamba heshima hailiwi kwa mchuzi.

Amekataa. Si kwa kiburi, anasema, maana kumwagilia ni kazi na kazi haimtii aibu.

"Nikirudi kimya kimya, yule anayesoma faili kesho atasema, kumbe walimsamehe. Mimi sikusamehewa. Sikufanya."

Kila Jumatatu huvaa buibui lake, huenda hadi ofisini na kuketi kwenye benchi. Ameshakwenda mara tisa. Mara nyingine huambiwa msimamizi yuko Chake Chake, mara nyingine yuko kwenye mkutano ambao sauti zake zinasikika dirishani. Hukaa mpaka adhana ya adhuhuri, kisha hurudi nyumbani kumwagilia.

Ana mipango ya mwakani. Anataka kukodi kipande cha ardhi kando ya kijito, apande kotmiri ya kutosha kupeleka Chake na Unguja, na awafundishe wasichana wa Bi Umkulthum kusoma udongo. Lakini anasema hayo yote yatangoja kwanza barua ya pili iandikwe, isomwe kwenye baraza lile lile, mbele ya watu wale wale kumi na wanane, Ngwali akiwemo, kisha iwekwe katika faili juu ya ile ya kwanza.

Aulizwapo barua hiyo iseme nini, hahitaji kufikiri.

"Sitaki ndefu. Sitaki samahani. Waandike maneno matatu tu: Mwatum alizipanda mbegu."

Jumatatu ijayo atakwenda mara ya kumi.