IDS yetu ilinasa mtu anayeingia kwenye kamera kila tukianza sala

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ndiye mtu wa IT kwenye zahanati moja binafsi hapa Igogo. Tuna IDS, yaani mfumo unaochunguza mtandao na kupiga kelele akiingia mtu asiyejulikana. Rules zake zilikuwa za kizamani, na port ya kamera, yaani mlango wake wa kuingilia mtandaoni, haikuwemo kabisa kwenye zile zinazoangaliwa. Nika-update, nikaiongeza, nikaenda zangu kunywa chai.

Asubuhi iliyofuata tuko mapokezi kwenye sala ya kuanza kazi, alert hiyo! Kuna mtu wa nje anaangalia kamera yetu kupitia mtandao. Sala ilipoisha, katoka. Kesho yake hivyo hivyo.

Nikasema huyu mwizi mcha Mungu nitamnasa tu.

Nikamweleza daktari wetu mkuu. Akacheka mpaka akakaa. "Mwizi gani? Huyo ni Mama Kabula, yuko Misungwi."

Mama Kabula alikuwa matroni wetu, na sala ile aliianzisha yeye. Alipostaafu, miguu imegoma, fundi wa kamera alimfungulia njia kwenye simu awe anatuona. Nilinyong'onyea jamani. Siku yangu ya kwanza kazini huyu mama alinipokea na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, hata jina langu hajalijua.

"Si uandike rule asipigiwe kelele?" daktari akauliza.

Inawezekana, ni mstari mmoja tu. Lakini port ingebaki wazi kwa yeyote mwenye nia mbaya, na pale mapokezi wanakaa wagonjwa. Wengine hata ndugu zao hawajui kama wamekuja kupima.

Nikaifunga. Nikampigia mwenyewe kumwambia.

Akasema, "Haya mwanangu, wagonjwa kwanza." Sauti ilikuwa ndogo, roho ikaniuma.

Asubuhi, kabla hatujafungulia wagonjwa, nikampigia video call, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya sanitaiza. Tukasema wote, "Shikamoo Mama!"

Akasogeza simu yake karibu na uso. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja.

"Marahaba wanangu. Kamera yenu iko nyuma, tangu nistaafu naona visogo tu. Leo ndiyo nawaona sura."

Daktari akavua miwani akaifuta. Hata mimi sikuiona vizuri ile simu.

Nilichojifunza: usinyamazishe alert kabla hujajua nani yuko upande wa pili. Ukishamjua, port funga vilevile, halafu mpigie.

Nyie wenzangu wa mitandao, mshamfungia nani mnayempenda? Uwanja wenu.