Chaneli ya Pili

Miaka ile ya chama kimoja, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa foni pale misheni, katikati ya mji wa Lubumbashi. Foni ni redio ya kusemea: unabonyeza, unaongea, unaachia, mwenzako wa mbali anajibu. Watu walinishangaa, na mimi, mjinga, nikavimba kichwa.

Kila mtu wa foni anajua kwamba asubuhi na jioni chaneli ya kwanza inasikika vizuri, lakini jua likifika utosini anga la juu huyameza yale mawimbi, unabaki na kelele tupu. Dawa yake ipo. Unatoka uani, unachomoa waya wa antena, unaunga ule mfupi, unahamia chaneli ya pili. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi na mwenzangu wa foni ya Sakania, mji wa mbali kule mpakani, tulipatana hivyo: ya kwanza ikizama, wote twende ya pili.

Mchana mmoja alikuja mwanamke kwa miguu kutoka Naviundu, pembezoni mwa mji. Alikuwa ameletewa habari kwamba mama yake ni mahututi huko Sakania. Walikosana siku alipoolewa, hawakusemezana tena, na sasa mgonjwa amebebwa kwenye kiti mpaka kwenye foni ya kule.

“Papa, iko ananingoya,” aliniambia. “Anataka tusameheane.”

Nikaita. Kelele. Nikaita tena, kelele. Nje jua lilikuwa linachoma, bukari yangu, yaani ugali, ilikuwa mezani inapoa, nikasema moyoni, aa, atarudi. Nikamgeukia kwa sauti ya mtaalamu.

“Mama, mawimbi yote imepanda mbinguni. Hakuna muntu anaweza kuishusha. Urudie mangaribi.”

Aliamini. Angebishaje? Hakwenda hata nyumbani, alikaa kwenye ngazi akingoja, na mimi ndani nikala. Nikala nikashiba, jamani!

Jioni sauti ya Sakania ilikuja safi kabisa. Mwenzangu hakujua kwamba binti amesimama kando yangu.

“Ule mama mugonjwa amekufa,” alisema.

Mwanamke alianguka pale pale sakafuni. Nilimwinua, nikamtafutia maji, nikaona haya hata kumtazama.

Kesho yake mwenzangu aliniuliza nilikuwa wapi. Mchana ule alikuwa amehamia chaneli ya pili, akaniita saa nzima, na muda wote huo mgonjwa alikuwa anamwuliza: “Mutoto yangu amekatala kukuya?” Akauliza mpaka wakamrudisha kitandani.

Nikamjibu kwamba hewa ilikuwa mbaya. Naye, anayeijua kazi hii kama mimi, akazima foni yake.

Kilio kilipokwisha, yule mwanamke alirudi.

“Aksanti, papa. Ulijikaza sana. Mama hakuacha hata neno?”

“Aliacha,” nikasema. “Alisema amekusamehe.”

Akacheka huku analia. Akanishika mikono yote miwili, akaniombea baraka mimi na watoto wangu, na mimi nikaitikia amina.